AJIRA SERIKALINI: NANI KASEMA KUOMBA NI BURE?

Haya jamani, nimerudi. Najua nimewaacha wiki kadhaa bila neno, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha uandishi nikaenda kulima. Sijaacha. Nilikuwa nimekasirika, na mwalimu wangu wa chuo alitufundisha kwamba ukiwa na hasira usishike kalamu, ngoja ipoe kwanza. Nimengoja. Haijapoa. Kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Kilichonirudisha hapa ni kauli ya mzee mmoja niliyekaa naye kwenye daladala juzi. Redio ya dereva ilikuwa inazungumzia ajira mpya serikalini. Mzee akanigeukia, akaniambia: "Nyie vijana wa siku hizi mmezidi kulalamika. Sisi tulikuwa tunaandika barua kwa mkono, tunanunua bahasha na stempu, tunakwenda posta kwa miguu. Nyie mnaomba kazi kwa simu, mmelala kitandani, bure kabisa, na bado mnalia!"

Sikumjibu. Ni mzee wangu, na isitoshe konda alikuwa ameshanisimamia kichwani anadai nauli. Lakini lile neno BURE lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo nautoa.

Kwanza nitende haki. Mfumo wa leo una mambo mazuri, na atakayesema hakuna kilichobadilika atakuwa mwongo. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iliundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002, kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 18 ya 2007. Kazi yake ni kutafuta watumishi kwa uwazi na kwa sifa, badala ya kila wizara na kila mkurugenzi kujaza ofisi yake anavyojua. Matangazo yanawekwa hadharani, unafungua akaunti yako kwenye Ajira Portal, unapakia vyeti, unabonyeza, umeomba. Hakuna ada. Hapo mzee wa daladala yuko sahihi kabisa.

Tatizo, mzee wangu, ni kwamba wewe umeangalia mlango. Mimi nakuelezea ngazi.

Mwaka juzi taasisi moja ya umma ilitangaza nafasi 2 za Afisa Habari Daraja la II. Jina la taasisi naliacha, maana sitafuti ugomvi na mtu. Niliomba. Baada ya muda nikaona jina langu kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili wa kuandika, Dodoma. Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani kwetu Ruvuma, nikiandikia gazeti kwa kulipwa kwa habari. Habari ikitoka, shilingi 10,000. Isipotoka, pole.

Kwenye tangazo kulikuwa na masharti ambayo kila aliyewahi kuitwa anayafahamu kwa moyo kama sala. Uje na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa. Uje na kitambulisho. Hati za matokeo hazitakubaliwa. Na sharti moja fupi kuliko yote, ambalo watu wengi hulisoma haraka haraka: kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi.

Nikamweleza mama.

"Kwa hiyo mwanangu umepata kazi?"

"Hapana mama, wameniita nikafanye mtihani."

"Mtihani tena? Si ulishamaliza shule?"

"Ni wa kazi mama."

"Na nauli wanakutumia?"

Nilipomwambia hapana, alikaa kimya. Kesho yake asubuhi nikamkuta anapima mahindi na mnunuzi pale uani. Magunia matatu, shilingi 50,000 kila moja. Sikuwa nimemwomba.

Sasa shikeni kalamu na karatasi tupige hesabu pamoja. Nauli ya basi kutoka Songea hadi Dodoma, kwa njia ya Njombe, Makambako na Iringa, kwenda na kurudi nilitumia 84,000. Gesti siku mbili, 30,000, na msidhani ilikuwa gesti ya maana. Shuka ilikuwa na historia yake. Chakula 15,000. Bodaboda na daladala za kutoka stendi ya Nzuguni na za kutafuta ukumbi wenyewe, 6,000. Wakili wa kugonga muhuri kwenye nakala za vyeti, 20,000. Kutoa nakala na kuskani steshenari, 5,000. Jumla shilingi 160,000.

Magunia matatu ya mama yaliisha, nikaongeza 10,000 yangu, yaani malipo ya habari moja.

Mtihani wenyewe ulichukua saa moja. Tulikuwa zaidi ya 400 kwa nafasi 2. Nilikaa nyuma ya dada mmoja aliyetoka Kagera na mtoto mchanga. Mtoto alibaki nje na binti waliyekuja naye, kwa hiyo dada yule alilipa nauli za watu wawili kuja kuandika karatasi ya saa moja. Kulikuwa na kaka mmoja wa Kigoma ambaye hela ya gesti hakuwa nayo kabisa. Alilala stendi, akanawa uso bombani, akavaa shati lake jeupe la usaili, akaingia. Sijui kama alipita. Mimi sikupita.

Kushindwa mtihani hakukunikasirisha. Nafasi 2 watu 400, lazima wengi turudi nyumbani. Kilichonikasirisha nilikifahamu nikiwa njiani kurudi, basi limesimama Mtera watu wananunua samaki. Nilikumbuka kwamba kwenye orodha ile ya kuitwa kulikuwa na jina la rafiki yangu tuliyesoma naye chuo. Nilimtafuta ukumbini sikumwona. Nikampigia simu nikiwa pale Mtera. Akaniambia, "Ndugu yangu, nilikosa nauli."

Huyu bwana alikuwa anaongoza darasa letu. Mimi nilikuwa naazima madaftari yake. Mimi nikaenda Dodoma, yeye akabaki. Kwa nini? Mama yangu alikuwa na magunia matatu. Mama yake hakuwa nayo.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, na naisema kwa herufi kubwa ili asiwepo wa kusema hakunielewa: MCHUJO WA KWANZA WA AJIRA SERIKALINI SI WA AKILI, NI WA MIFUKO. Kabla mtihani haujamtenganisha anayejua na asiyejua, nauli imeshamtenganisha mwenye nacho na asiye nacho. Na mbaya zaidi, hakuna anayehesabu. Kwenye daftari la mahudhurio rafiki yangu ameandikwa "hakufika", basi. Hakuna safu ya kuandika "alikosa 84,000".

Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 22, inampa kila raia haki ya kufanya kazi, na inataka fursa za kushika kazi zilizo chini ya mamlaka ya nchi ziwe sawa kwa wote. Mimi si mwanasheria. Lakini naomba mwanasheria yeyote anayesoma hapa anieleze usawa uko wapi kati ya msailiwa anayetoka kwao Area C asubuhi na chai tumboni, na msailiwa aliyesafiri siku nzima kutoka Kigoma akalala stendi. Karatasi ni moja, muda ni mmoja, ila hawa watu wawili hawafanyi mtihani mmoja!

Turudi kwenye hesabu. Tuseme kila mmoja wetu, kwa wastani, alitumia shilingi 100,000 tu. Watu 400 ni shilingi milioni 40. Milioni 40 zimetoka mifukoni mwa watu wasio na kazi ili kuwapata maafisa habari wawili. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini ni shilingi 500,000 kwa mwezi, kwa hiyo safari yangu moja ilikula karibu theluthi ya mshahara ambao sijawahi kuupata. Na mtu haendi usaili mara moja. Wapo niliosoma nao wameshakwenda mara tano, mara sita. Deni la usaili wa kwanza halijalipwa, la pili limeingia.

Nani analipa gharama ya serikali kutafuta watumishi wake? Asiye na mshahara! Mwajiri anayetafuta mfanyakazi ndiye mwenye haja, na mwenye haja hufunga safari. Kwetu imegeuzwa: kisima kinaenda kwa mwenye kiu kwa tangazo, halafu kinamwambia mwenye kiu alipie ndoo.

Najua wenye majibu yao wameshaanza kukunja mikono ya mashati. Nawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza atasema: "Mwenye nia hakosi nauli." Ndugu yangu, hii ni kauli ya mtu ambaye hajawahi kukosa nauli. Nia haikubaliki dirishani pale stendi. Rafiki yangu alikuwa na nia, na alikuwa na akili kunizidi. Alichokosa ni mahindi.

Wa pili atasema: "Serikali haina fedha za kuweka vituo kila mkoa." Sawa. Naomba nimuulize: mtihani wa darasa la saba unafanyikia wapi? Kila mwaka Baraza la Mitihani linawatahini watoto zaidi ya milioni 1 nchi nzima, siku zile zile, na hakuna mtoto wa Tunduru anayeambiwa apande basi aende Dodoma kwa gharama zake. Karatasi zinamfuata mtoto alipo, zikiwa na ulinzi wa polisi. Nchi inayoweza kumfikishia mtihani mtoto wa miaka kumi na tatu kijijini kwake haiwezi kumfikishia mtihani mtu mwenye shahada makao makuu ya mkoa wake?

Wa tatu atasema: "Tukirahisisha, watakuja wengi mno." Huyu ndiye mkweli kuliko wote, maana anakiri kwamba nauli inatumika kama chujio. Mimi sipingi kuchuja. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, lazima tuchujwe. Ila tuchujwe kwa kile tunachojua. Ukitaka kupunguza watu, kaza mtihani. Usikaze nauli.

Wa nne, huyu simpendi kabisa, atasema: "Vijana mjiajiri." Mara nyingi husemwa na mtu aliyeajiriwa na serikali miaka ishirini na tano, anayesubiri kiinua mgongo. Kujiajiri ni jambo jema, na wapo wanaofanya. Lakini mada ya leo ni kwamba serikali IMETANGAZA nafasi, imesema inahitaji watu, imewaita. Ukimwita mtu nyumbani kwako halafu akifika mlangoni unamwambia akajenge yake, umemwitia nini?

Sasa ngoja niwape habari njema, maana sitaki mseme huyu kijana anajua kulia tu.

Mnakumbuka Juni 2014? Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Watu zaidi ya 10,000 walijitokeza kwa usaili, wakapelekwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ambao tangu 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wasomi wetu walikaa majukwaani wameweka karatasi magotini, kama watu wanaosubiri mechi ya Simba na Yanga. Picha zile zilizunguka dunia. Na mwaka huo huo Wizara ya Mambo ya Ndani ikalazimika kusitisha ajira za kundi jingine la Uhamiaji, baada ya malalamiko kwamba ndugu wa watumishi wamejaa kwenye orodha. Fikiria umeuza mbuzi uende kukaa uwanjani, halafu unasikia habari ya orodha ya ndugu.

Sasa linganisheni na 2025. Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Piga hesabu: zaidi ya watu 84 kwa kila nafasi moja. Kwa mtindo wa 2014 wangehitaji viwanja viwili vya Taifa na chenji. Badala yake, Machi 2025 usaili wa kuandika ulifanyika katika vituo vya mikoa mbalimbali, Zanzibar ikiwemo. Mwezi Januari mwaka huo huo usaili wa walimu nao ulifanyika mikoani.

Kumbe inawezekana! Kwa hiyo msituambie tena kwamba haiwezekani. Kinachobaki ni kwamba mpaka sasa jambo hili linafanyika kama fadhila. Taasisi kubwa ikiwa na waombaji wengi kupita kiasi, vituo vinafunguliwa mikoani kwa sababu hakuna ukumbi unaotosha. Lakini taasisi ndogo yenye nafasi 2 na wasailiwa 400 inaweza kuwaita wote sehemu moja, na hakuna wa kuiuliza. Tunasogezewa mtihani pale tunapokuwa wengi wa kutisha. Tukiwa wachache, tunajigharamia kimya kimya.

Mimi naomba mambo manne, na yote yanawezekana bila kuchapisha noti mpya.

La kwanza. Usaili wa kuandika ufanyike katika mkoa anaoishi mwombaji, kwa nafasi zote na taasisi zote, na liwe sharti la kanuni, lisiwe hiari ya mkurugenzi. Shule zipo, vyuo vipo, kompyuta zipo.

La pili. Anayefaulu mtihani wa kuandika akaitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana alipiwe nauli na mwajiri anayemtaka. Hapo hatuzungumzii watu 400 tena, tunazungumzia watu watano, kumi. Taasisi inayoweza kulipa posho za kikao cha kupanga usaili inaweza kulipa nauli ya watu kumi.

La tatu. Muhuri wa wakili uondoke kwenye hatua ya kuomba. Mnakumbuka uhakiki wa vyeti? Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Nani aliwakamata? Kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Wakili akipewa nakala na cheti anagonga, hana mashine ya kujua cheti kimetengenezwa uchochoroni. Namba ya mtihani ipo, namba ya NIDA ipo, na cheti halisi utakiona siku ya usaili. Kwa nini mtu alipe 20,000 kuithibitishia serikali kile ambacho serikali yenyewe ndiyo iliyokitoa?

La nne. Kila tangazo la matokeo lionyeshe walioitwa wangapi, waliofika wangapi na waliofaulu wangapi, kwa kila mkoa walikotoka. Tukiona kwamba wa Dodoma na Dar wanafika wote na wa Katavi wanafika nusu, tutajua tatizo si uvivu.

Mtu ataniuliza, wewe una kazi yako ya kuandika, unahangaika nini? Nahangaika kwa sababu najua kinachotokea moyoni mwa mtu akishakwenda mara tano na kurudi na deni mara tano. Siku ya sita anapokea simu: "Kijana, tuma laki tatu, jina lako lipo kwangu hapa ofisini." Na anatuma! Sekretarieti inatoa tahadhari dhidi ya matapeli hawa kila mara, na watu wanaendelea kuliwa. Mnadhani ni wajinga? Hapana. Ni watu waliopiga hesabu. Wameona njia halali imekula laki nane bila jibu, wakafikiri njia ya panya ni rahisi zaidi. Ukiifanya njia ya haki kuwa ya gharama, unampigia debe tapeli.

Kuna kingine. Afisa atakayekwenda kufanya kazi Liwale au Kakonko, tunataka awe mtu anayejua maisha ya huko. Lakini mtu wa huko ndiye hasa anayeachwa njiani kwa kukosa nauli. Halafu tunashangaa mtumishi akipangiwa kule anaomba uhamisho kabla hajafungua begi!

Mama aliniuliza niliporudi, "Vipi, umefanya vizuri?" Nikamwambia nimejitahidi. Hakuniuliza tena. Lakini mwezi Februari unga ulipopanda bei nilimwona anasimama mbele ya kihenge anatazama pale magunia matatu yalipokuwa. Hakusema neno. Mama zetu hawasemi. Ndiyo maana nasema mimi.

Kwa hiyo mzee wangu wa daladala, kama mjukuu wako atakusomea haya: shikamoo. Stempu uliyonunua ilikuwa gharama ya kuomba kazi, na ikaishia hapo. Sisi stempu tumesamehewa, tumebakiwa na basi zima.

Haya, kwa leo naishia hapa. Wewe umekwenda usaili mara ngapi, kutoka wapi, na ulitumia kiasi gani? Niandikie, tuweke hesabu zetu pamoja. Na wale mtakaosema nina chuki na serikali, karibuni pia, ila mje na risiti za nauli zenu.